Gitaa Lililoita Msiba Mchafukoge

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, na asiyesadiki aende Mchafukoge akaulize. Ndivyo Mzee Elieshi, fundi cherehani mstaafu, alivyoapa kwenye benchi la kahawa: kwamba ujanani kule Moshi alikuwa bingwa wa gitaa la mezani, lile lenye kanyagio chini, ambalo mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi mpaka linalia kama binadamu.

Nurdin, mtani wake, Mpare mwenye duka la mitumba ya vyombo Kariakoo, hakubisha. Keshoye alileta mkokoteni. Juu yake gitaa lenyewe, limeshuka na kontena. Yeye alilidhani meza ya kupigia pasi mpaka alipoziona nyuzi.

"Hili hapa, mtani. Jumamosi utupigie kwenye sendofu ya Evelyn."

Evelyn, mjukuu wa Elieshi aliyekuwa akiagwa kwenda kuolewa, alikuwa ameshawatangazia wakwe zake watarajiwa kwamba babu atapiga. Babu akiumbuka, anaumbuka na bibi harusi.

Basi mchana mmoja, mkewe akiwa Kigamboni kwa dada yake, mzee alifunga mlango kwa komeo, akashusha mapazia, akachomeka gitaa kwenye spika na kufungua mafunzo kwenye simu. Akatelezesha chuma juu ya nyuzi. Lakini miguu ndiyo iliyomponza: maisha yote ya cherehani yaliifundisha jambo moja tu, kutosimama. Akakanyaga mfululizo, nyuzi zikapanda na kushuka, chumba kikajaa sauti ya mwanamke aliyefiwa. Vinyweleo vilimsimama. Hata yeye aligeuka kutazama kama hakuna mtu nyuma yake.

Nje kwenye korido, kandambili zikasimama.

"Jamani, kwa Mzee Elieshi kuna kilio." Alikuwa Hajira, jirani wa mlango wa pili.

"Mkewe nimemwona akitoka," mwingine akasema. "Basi ni mzee mwenyewe."

"Kama ni mzee, anayelia humo ndani nani?"

Elieshi akazima spika upesi.

"Kimenyamaza," Hajira akanong'ona. "Inna lillahi. Ameshakwenda."

Mzee alitaka kupiga kelele kwamba yu hai, akajizuia. Akifungua, wataliona gitaa, wataiona na simu, na kabla ya magharibi habari iko Kariakoo nzima, kisha kwa wakwe. Akakaa vivyo hivyo, akisikia msiba wake unavyopangwa: viti vya plastiki vinaburutwa, mtu anaulizia turubai, wanawake wanajifunga kanga. Kila dakika aliyokaa kimya ilimzidishia kufa.

Kisha ngazi zikatikisika. Nurdin alikuwa anapanda, akitimiza wajibu wa mtani msibani, analia kwa madaha.

"Mchaga wee! Desemba mnayorudi Moshi bado, mbona umewahi kwenda nyumbani? Koti lako la harusi nalivaa mimi, nakuzika kwa mbwembwe. Leteni nyundo tuvunje mlango."

Elieshi akalishika gitaa alisukumie uvunguni. Halikuingia. Moyo ulimdunda mpaka akahofu utamalizia kweli kazi waliyoianza majirani.

Ndipo akasikia sauti ndogo, mdomo umebanwa kwenye tundu la kufuli.

"Babu. Babu, ni mimi Evelyn. Nifungulie, Babu." Halafu kwikwi.

Hofu aliyokuwa nayo haikuisha, ila ilipata kubwa yake. Akavuta komeo.

Korido ikapiga yowe. Hajira alikaa chini. Nurdin, aliyekuja kumvalia koti, alionekana mgongo tu akishuka ngazi. Evelyn peke yake alisogea, akamgusa babu yake shavuni, akalia upya.

Nurdin aliporudi, alichungulia ndani kwa tahadhari, akaliona gitaa, akaiokota simu na kusoma kwa sauti. "Somo la kwanza: namna ya kukaa." Akamtazama mzee. "Ubingwa wa Moshi, mtani?"

Elieshi akamnyang'anya simu, akaitia mfukoni.

"Mtani haondoki msibani mikono mitupu," Nurdin akasema, "na hawa waliokuja kulia wana njaa."

Evelyn alifuta machozi, akampigia mama mkwe kumwambia kwamba Jumamosi Babu hatapiga gitaa, atasema neno tu.

"Neno fupi," Nurdin akaongeza.

Mzee aliagiza chai na maandazi kwa korido nzima, akawamiminia mwenyewe. Mwisho akalitungua lile koti la harusi nyuma ya mlango, alilolishona kwa mkono wake, akamvisha Nurdin na kumfungia vifungo.