Kope Tatu

Delfina Catubig aliziona wakati sindano imekwisha kuingia: kope tatu za mtoto, nyeusi, zimechomoza chini ya karatasi ya nailoni aliyoibandika kwa mkono wake mwenyewe. Uzi wa Dokta Lumapas ulikuwa umezilalia.

Miaka kumi na moja alikuwa nesi wa daktari huyu katika chumba cha upasuaji, akimpa vifaa vya kunyoosha macho ya watoto wenye makengeza, na kila siku alianza vilevile: kuosha uso kwa iodini, kudondoshea nyingine ndani ya jicho, kungoja dakika zake bila kuiba hata moja, kisha kuzifunika kope zote kwa karatasi inayonata. Kwenye kope ndiko wanakokaa bakteria. Wakishapanda kwenye uzi, uzi huingia nao ndani ya ukuta wa jicho, na ukuta huo kwa mtoto wa miaka minne ni mwembamba kama ganda la kitunguu.

Asubuhi ile mtoto, Rosel, alikuwa amelia sana kabla ya kupewa nusu kaputi, na uso haukukauka vizuri. Upande wa pua karatasi haikunata. Delfina aliibonyeza kwa kidole, akajiambia imeshika.

Sasa angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeona. Mtu wa nusu kaputi alikuwa anatazama mashine zake, na Dokta Lumapas alikuwa akiimba puani, kama kawaida yake kazi ikimwendea vizuri. Ulimi wake ulijulikana mji mzima wa Dumaguete. Wiki iliyopita tu alimwambia nesi mmoja akauze samaki wakavu sokoni, maana wale macho yao yamekwisha kufa. Delfina alitaka kusema, akautazama ule uzi tena. Daktari akapitisha mshono wa pili.

"Dokta, simama!"

"Nisimame vipi, Delfina, nami nimekaa?"

"Uzi umegusa kope. Karatasi imebanduka. Niliibandika vibaya."

Wimbo ukakatika. "Tangu lini?"

"Mshono wa kwanza. Niliona, nikachelewa kusema."

"Ukachelewa kiasi gani?"

"Mshono mmoja."

Alingoja matusi. Hayakuja. Daktari aliushika msuli kwa koleo ndogo, akautoa uzi wote taratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Iodini. Glavu mpya kwa kila mtu. Uzi mwingine, trei nyingine. Na wewe mkaushe mtoto kwanza, halafu ubandike upya." Upole ule ulimtisha Delfina kuliko kelele zote alizowahi kupigiwa.

Walipotoka, daktari alivua kofia. "Mama yake nitamwambia mimi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Mama yake Rosel, Virgie, alikuwa kwenye benchi la ukumbini, begi miguuni. Kesho yake alitarajia kupanda meli kurudi kwao kisiwani Siquijor. Alisikiliza bila kupepesa.

"Yaani dada, umemtia mwanangu uchafu jichoni?"

"Huenda umeingia. Tumeosha, tumebadilisha kila kitu. Lakini usivuke bahari kwa siku tano, tafadhali. Ukiona anakataa kufungua jicho, analala mno, au uvimbe unazidi, mlete mbio. Usingoje tarehe ya kliniki."

"Angekuwa wako, ungenifanyaje mimi?"

"Ningekuchukia."

Virgie aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitaka, akaenda kukaa kwa binamu yake karibu na soko.

Siku ya kwanza jicho lilikuwa jekundu tu. Ya pili Rosel alimaliza bakuli zima la uji wa mchele wenye tangawizi. Delfina alianza kupata usingizi. Siku ya tatu, hata kliniki haijafunguliwa, Virgie akaingia anakimbia, mtoto kamlegea begani.

"Tangu alfajiri hataki kitu! Hata kulia halii!"

Ngozi ya jicho ilikuwa imevimba na kung'aa. Dokta Lumapas alipolifunua, pembeni mwa mishono kulikuwa na kijipu cha manjano chini ya utando mweupe. Jipu la nje hutibika. Usaha ukishaingia ndani ya jicho lenyewe, huenda likapotea kwa siku mbili. Daktari alitia dawa ya kupanua mboni, akangoja, akamulika. Alimulika muda mrefu mno. Virgie alikuwa akisali kwa Mtakatifu Lusia, mwombezi wa macho, maneno yanamgongana.

"Ndani ni safi," daktari alisema hatimaye. "Umeniletea mapema, mama. Tunamtumbua sasa hivi."

"Mwite nesi mwingine," Delfina akanong'ona.

"Nani leo atakayezichunga kope kukushinda wewe? Nenda kanawe."

Akanawa. Alimkausha mtoto uso mara mbili, akabandika, akavuta kila pembe kwa koleo, akaivuta tena. Usaha ulitoka. Rosel alitundikiwa dripu ya dawa siku saba. Siku mbili za mwanzo homa ilikuwa ikipanda na kushuka, na Delfina alikuwa akipanda wodini kila alipopata nafasi, anasimama mlangoni, anaogopa kuingia. Siku ya nne Rosel alimwona na chupa ya matone, akapiga kelele, "Toka, mchawi!" Wodi nzima ikacheka: mtoto nguvu zimemrudia. Delfina alikwenda msalani, akalia.

Jicho lilipona, likaona vizuri. Ila kovu lilivuta msuli, na makengeza hayakuisha yote. Daktari alisema mwakani itabidi apasuliwe tena. Virgie hakumshukuru Delfina, wala hakumlaumu. Siku ya kuondoka alimkuta ukumbini, akampa begi amshikie, akainama kumvalisha mwanawe viatu.