Madame wa Ng'ambo ya Ruzizi

...madame, ameniita madame, neno la wageni, mimi niliyeitwa citoyenne, mwananchi, miaka yote hii mpaka sikio likazoea, na karani mwenyewe si mtu mbaya, anatabasamu, kalamu ameniwekea mbele, "Sheria ya mupya inasema kila mutu aombe nationalité, uraia, yeye mwenyewe, na aache ile ya kwanza, unakubali, madame?" nisipokubali, hospitali ya serikali haitaki tena muuguzi mgeni, natoka wodini na watoto watakula nini, nikikubali ni kama kumkana mama kaburini kwake kule Rwanda... na mimi nilidhani haya yalikwisha zamani, si walituambia kila Mzaïre ni mwanachama wa chama cha Rais tangu tumboni mwa mama yake, basi nikayageuza maneno, nikasema mwenye kadi ya chama ni Mzaïre, nikacheza animation, ngoma za kumsifu Rais, juani mpaka visigino vikapasuka, nikaacha jina la ubatizo, Godelive, kama wote walivyoamriwa, mama mkwe kule Nyantende akaniita Nsimire, nikajiona nimefika, mjinga mimi, mcheza ngoma ya watu hageuki ndugu yao... "Unasikia, madame?" "Nasikia, papa, uniache kidogo nifikiri," nafikiri nini, namfikiria mama, tulipomzika mwaka jana, nilivuka daraja la Ruzizi pale mpakani nikilia njia nzima, nilipofika uani nikataka kukaa mkekani pamoja na dada zangu, kaka yangu Venant akanishika mkono kwa upole, "Wageni wa Zaïre wanakaa huku," akanipa kiti, kiti kizuri chenye mto, nikapewa kinywaji kabla ya wazee, dada zangu chini wanaomboleza na mimi juu kama mke wa bwana mkubwa, nikasema moyoni ni heshima, Venant ananiheshimu, nikanywa, Mungu wangu, nilikunywa na kushukuru... "Maman, wengine wanangoja, unaacha ao hauachi?" na kijana wa watu macho yake yako kwangu, anadhani naona uchungu kuachana na kitu, hata mimi nilidhani hivyo nilipoingia, kumbe kule walikwisha kunitoa zamani, huku bado hawajaniingiza, na kalamu iko palepale mezani, ananiuliza kama ninaacha, naye hajui, sina cha kuacha.