Tundu Lililopakwa Chokaa

Mashavu alikuwa amepiga magoti chooni, akisugua sakafu kwa kumbi la nazi, maji na jivu. Harufu ilikuwa pale pale. Mlangoni alisimama Mwinyi Shee, mwenye nyumba hii ya mawe ya Kipini na mwenye watu wote walioitumikia, ameziba pua kwa ncha ya kilemba.

"Juma la tatu nyumba yangu yanuka! Ni uvivu wako huu."

"Wallahi, Mwinyi, mai natia, ivu natia."

"Komora, tafuta sababu. Wakwe waja Ijumaa. Mwenye kosa atakwenda Kau, juu mtoni, kulima mpunga."

Komora, mtumwa wake fundi wa chokaa, aliinamisha kichwa. Mashavu alimtazama kwa matumaini. Mama yake, bi Halima, alikuwa haoni, na hakuwa na mwingine wa kumlisha.

Komora alikagua. Shimo halikujaa, sakafu haikupasuka. Akazunguka nyuma, akagonga ukuta taratibu mpaka akafika mahali palipolia kama pana uwazi ndani. Hapo ndipo palipokuwa na tundu la kutolea hewa ya shimo. Majuma matatu nyuma, kujiandaa kwa harusi ya binti yake, Mwinyi alitaka ukuta mweupe usio na doa wala tundu, na Komora akaliziba kwa mkono wake mwenyewe. Alijua choo kitanuka. Alinyamaza, maana fundi mbishi hurudishwa jembeni.

"Umeona nini?" Mwinyi aliuliza.

Ni amri yako, Mwinyi. Ndivyo alivyotaka kusema.

"Sakafu, Mwinyi. Haisuguliwi vyema."

Alijisikia akisema, akajichukia.

Mashavu alipakiwa mtumbwini kabla ya adhuhuri. Alimtazama Komora tu, mpaka mtumbwi ukapinda kona ya mto.

Alasiri hiyo Komora alitoboa tundu jipya juu kidogo, chini ya upenu, mahali jicho halifiki. Kazi ya muda mfupi tu. Angeweza kuifanya tangu mwanzo.

Ijumaa choo hakikunuka.

"Waona?" Mwinyi alicheka, akimtupia Komora shuka mpya ya zawadi. "Amekwenda, na harufu imekwenda naye."

Chooni, bi Halima alikuwa akiipapasa sakafu, kumbi mkononi. Ndiye aliyerithishwa kazi ya bintiye.

"Komora, mwanangu," alisema alipozitambua hatua zake, "nambie kweli. Mashavu hakuwa akisugua?"

Komora aliikunja ile shuka. Akaikunja tena.