Baba Mwenye Lango

...asinivute hivyo, kichwa hiki ni changu, lakini Kashinje akisikiliza simulizi mikono yake husuka kwa hasira, na simu yake iko pale juu ya rafu kati ya mafuta na rasta, msimulizi ananguruma, viboko wa vita wanatema moto, waliowapanda wanaizunguka ngome, na ghafla lango linafunguka kutoka ndani... itaendelea kesho, Kashinje anasonya, "Hawa watunzi jamani, wanatuonea!", hajui mtunzi ni mimi niliyekaa hapa chini katikati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, joto la bati, Mpanda mchana kweupe, hajui na sitamwambia, maana viboko nimewatunga ila ngome sikuitunga, ngome ni ya bibi Tereza, kule kijijini Mamba, akipepeta mchele na kunisimulia boma la wazee wetu, magogo marefu, miiba, handaki, wavamizi na magobore yao, ule moshi wa baruti mimi nikaufanya pumzi ya viboko, kazi rahisi tu... "Dada Josefina, utaona," anasema Kashinje, "msaliti atakuwa yule mgeni mwenye ng'ombe, nyie Wapimbwe kikiharibika kitu ni sisi Wasukuma," anacheka, tunataniana hivi kila siku, mbona leo imenichoma, imenichoma kwa sababu ndivyo nilivyoandika, sehemu inayofuata iko kwenye simu hapa mapajani, mgeni mwenye ng'ombe kauza lango kwa shanga, nibonyeze tu iende kwa msimulizi, ameshapiga mara mbili, sipokei... na bibi hakumtaja mgeni yeyote, alisema lango alilifungua mlinzi wake, baba mzazi wa bibi yake yeye Tereza, ungo ukasimama mikononi, sauti ikashuka, nami nikaona aibu, aibu yetu wenyewe, nikaitafutia mtu wa nje wa kuibeba, nikamtwisha ndugu wa huyu anayenipaka mafuta kichwani, nina roho gani mimi... lakini alifungua kwa nini, mbona hapo niliparuka, bibi alisema binti wa mlinzi alikuwa nje, alikwenda kisimani, akarudi mbio, wavamizi nyuma yake, akapiga lango kwa viganja, baba nifungulie, na baba akafungua, wewe ungefanyaje, boma lote likateketea, watu wakatekwa, binti akapona, akamzaa mama yake bibi, naye akamzaa bibi, bibi akamzaa mama, mama akanizaa mimi, kwa hiyo lango lile lisingefunguliwa nisingekuwepo hapa nasukwa, nimetoka kwenye lango lile, na yule mzee nilitaka kumfuta... "Nimekuumiza, dada? Unalia," "Hapana, wewe suka," namwambia, naye anashika fungu jingine la nywele, anavuta vilevile, na kidole changu kinafuta, shanga, ng'ombe, mgeni, vyote, kisha naandika kisima, naandika msichana anakimbia, viboko nyuma yake, naandika viganja vyake juu ya gogo, mlinzi mkono kwenye komeo, watu wote wa ngome wanamkataza, baba, nifungulie...