Hodi Mlangoni pa Ndege

Jumapili asubuhi Nanay Saning, yaani Mama Saning, alikuwa jikoni akifunga biko, ule wali wa kunata wa nazi na sukari guru, kwa jani la mgomba. Alilifunga jani kama watu wote wanavyofunga, akalizungushia mkanda wa gundi, kisha akalitia ndani ya soksi safi na kuipiga fundo. Chakula cha mtu anayeanguka lazima kivumilie upepo. Nyuma ya nyumba, karibu na banda la nguruwe, binti yake Merlinda alikuwa anatapika.

"Umekunywa kahawa?" Nanay alimwuliza kupitia dirishani.

"Nimekunywa, Nanay. Ndiyo hii inatoka."

"Basi kunywa nyingine. Tumbo tupu linaongeza woga."

Mwenye kuanguka alikuwa Rodel, mdogo wake Merlinda. Alikwenda ng'ambo kusafisha vioo vya majengo marefu, na kwa muda mrefu akawa anatuma sabuni, chokoleti na fulana za kututosha mtaa mzima. Siku moja wakala aliyempeleka akapiga simu kusema Rodel ametoroka kazini, kampuni haijui aliko. Kabla ya wiki kwisha, wageni wa shule ya kuruka na miavuli wakamkuta juu ya mji wetu. Alikuwa na kofia ya kazi kichwani na mshipi wa usalama kiunoni, anaanguka taratibu zake. Waliposhuka walituuliza kama tunamfahamu. Tulimfahamu. Mtu akianguka huku anawaza kwao, hawezi kufikia kwa watu baki.

Kilichotusumbua ni kwamba hafiki chini. Akishuka hadi pale warukaji wanapofungulia miavuli hutoweka, na baada ya muda huonekana tena juu, kama mtu aliyezunguka nyumba akaingia upya kwa mlango wa mbele. Wageni walimzoea. Wakorea walipiga naye picha. Aliwatania wote, akamwambia huyu amenenepa, yule viatu vyake havifai. Lakini kila alipoulizwa imekuwaje, alijibu kwamba mpita njia hasimuliwi mambo ya nyumbani.

Ndiyo maana Nanay alimtaka Merlinda aruke akamuulize. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia mtoto wa jicho, na alitaka kujua jambo moja kabla hayajafunga kabisa: mwanawe alitoroka au alianguka? Padri hawezi kuanza sala za siku tisa kwa mtu aliyetoroka. Wala jirani hawezi kumwita mke wa Rodel mjane. Walimwita mengine, nami sitayarudia hapa, ingawa mengi yaliyosemwa kwenye duka la Pacita niliyasikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimekaa pale.

Mwalimu wa kuruka alikuwa Wilfredo, mtu mnene mwenye sauti ya muuza samaki. Nanay alikuwa mama yake wa ubatizo, kwa hiyo hakuwa na njia ya kukataa. Alimfundisha Merlinda kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa shamba la miwa, na jioni alimfuata hadi mtaani kumrudisha kwenye zoezi. Merlinda alilala kifudifudi juu ya benchi la Pacita, mikono na miguu hewani, mgongo umepinda kama ndizi, mtaa mzima umemzunguka.

"Nguruwe wa sikukuu huyo!" Pacita alisema kutoka dirishani. "Mgeuzeni upande wa pili, huku ameshaiva!"

"We Pacita, ngoja nishuke," Merlinda akasema, kidevu kiko hewani.

"Ushuke kutoka wapi, shoga? Kupanda kwenyewe hujapanda."

Wilfredo hakuwahi kumwambia asiogope. Alisema hofu ni mgeni, na mgeni ukimfungia mlango atapitia dirishani na kuvunja sahani. "Mpe kiti," alisema. "Halafu mpe kazi. Mwambie: wewe, hofu, kaa hapo unikagulie mikanda." Basi Merlinda akawa anaikagulisha: mkanda wa kifua, wa paja la kulia, wa paja la kushoto, kamba ya kufungulia mwavuli mkubwa, kamba ya ule wa akiba. Baada yake alikagua Wilfredo, na baada ya Wilfredo, rubani. Alifundishwa pia kutoa pumzi polepole kama mtu anayepoza uji, na kutazama mbali bahari inapokutana na mbingu. Chini hapana, kwa kuwa chini hakuna la maana mpaka umekaribia.

Yote hayo aliyajua vizuri. Hata hivyo mara mbili alikuwa amepanda na mara mbili amerudi na ndege.

Kurudi na ndege si dhambi, ila mji wetu ni mdogo. Mara ya kwanza Pacita alimuuliza kama alikata tiketi ya kwenda na kurudi. Mara ya pili hakumuuliza kitu, akampa soda baridi, na hilo lilimuumiza Merlinda zaidi. Nanay aliichukua soksi yenye biko, akaifungua, akatugawia.

Kosa lilikuwa letu sote, na lilitokana na adabu. Kwetu huwezi kupita penye kichuguu au mti mkubwa bila kusema *tabi-tabi po*, yaani hodi, tunaomba njia, ili usimkanyage usiyemwona. Tangu Rodel afike, Wilfredo aliwafundisha wageni wote waseme hivyo kwenye mlango wa ndege kabla ya kuruka, wasije wakamwangukia mtu wa watu kichwani. Wakorea waliyasema maneno hayo vizuri sana. Lakini Merlinda aliambiwa yeye haimhusu. Dada mtu ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Kwa hiyo mara zote mbili alisimama pale mlangoni kimya, upepo unampiga, kama mtu aliyefika penye msiba na hajui kama wa ndani wanamtaka.

Jumapili hiyo walipanda tena. Ndege ilikuwa ndogo, mlango wake umeng'olewa, na watu wanakaa sakafuni magoti kidevuni. Merlinda aliishika soksi kifuani kwa mikono miwili. Kadiri walivyopanda, miwa ikawa nyasi na kanisa likawa jino. Wilfredo akamgusa bega.

"Hofu yako iko wapi?"

"Iko pajani, Kuya," akamjibu, yaani kaka. "Upande wa kushoto. Inasema mkanda umelegea."

Wilfredo akaukagua. Ulikuwa umelegea kidogo. Akaukaza.

"Iambie asante," akasema.

Walipofika juu, Merlinda aliweka mguu ukingoni. Alipoza uji. Alitazama mbali. Wilfredo alimshika mshipi kwa nyuma, akahesabu kama anavyohesabu siku zote, na Merlinda hakutoka. Rubani akageuza kichwa. Alikuwa anawaza kushuka.

Hapo Merlinda akasema, kwa sauti ya mtu aliyefika kwa watu usiku wa mvua:

"Tabi-tabi po."

Hakuagizwa na mtu. Hapo mlangoni hakuwa na neno jingine.

"Karibu, Ate!" sauti ikajibu kutoka chini. Ate ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Mbona umenikalisha hivi? Ingia!"

Merlinda akaingia, Wilfredo ameng'ang'ania mshipi wake.

Upepo wa huko juu humeza kila sauti, lakini ya Rodel haukuimeza. Alikuwa amelala juu ya hewa kama mtu aliye kwenye machela, mguu mmoja juu ya mwingine. Alimtazama dada yake akija, akacheka.

"Legeza mapaja. Umekakamaa kama samaki mkavu."

"Nyamaza, naogopa!"

"Ogopa, lakini umelegea. Na utabasamu. Anayetabasamu hawezi kukaza taya. Haya, meno. Hayo ndiyo ya Tatay, ya baba yetu kabisa!"

Merlinda akatabasamu. Mwili wake ukatulia, miguu ikasawazika. Wilfredo, aliyekuwa amemfundisha jambo hilohilo miezi yote, akaachia mkono mmoja. Merlinda akainyoosha soksi. Rodel akaipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mama, akafungua fundo kwa meno.

"Kafunga na gundi tena. Nanay huyu! Macho yake vipi?"

"Yanafifia. Ana swali anataka ulijibu mwenyewe." Merlinda akaushika mkono wake mmoja. "Ulitoroka, Rodel? Au ulianguka?"

Rodel alikuwa ameshaanza kutafuna. Alimeza kwanza, maana alilelewa.

"Asubuhi walikuja wakaguzi. Tukapewa mishipi mipya, kulabu mpya, kamba mpya. Tukapigwa picha. Wakaguzi walipoondoka, msimamizi akakusanya kamba na kulabu, akazipeleka jengo jingine, nako kulikuwa na wakaguzi. Mishipi akatuachia. Akasema tusiivue, inapendeza." Aliugusa mshipi wake. Ulikuwa bado unang'aa. "Nilikuwa nafuta kona, Ate. Kona ndiyo inayobaki na alama."

Miwani ya Merlinda ikajaa ukungu kwa ndani.

"Basi shuka. Shuka nami, tukuzike tupumzike. Nanay yuko uwanjani."

"Nimeshajaribu. Nikikaribia tu, naambiwa mimi sikuanguka, nilitoroka. Narudishwa juu. Aliyetoroka hana ardhi ya kufikia, mpaka wao wa kampuni waseme nilianguka."

Wilfredo akaonyesha saa ya kupimia kimo iliyokuwa mkononi mwake. Muda ulikuwa umekwisha. Merlinda hakuitazama. Alikuwa ameushika mkono wa mdogo wake.

"Vuta, Ate," Rodel akasema.

"Bado kidogo."

"Vuta. Mshipi wako umefungwa kamba."

Akauachia mkono. Akavuta. Mwavuli ukafunguka, ukamnyakua juu kama mtoto anayebebwa kwapani, na kelele zote zikaisha. Chini ya viatu vyake Rodel aliendelea kushuka akila biko. Alitikisa soksi, kisha hakuwapo.

Merlinda alitua vibaya. Alivuta breki za mwavuli mapema, akakaa kitako kwenye visiki vya miwa mbele yetu sote. Pacita alikuwa wa kwanza kumfikia, akamkumbatia na mwavuli wake, wakaviringika pamoja. Nanay alifika baadaye, anaongozwa na fimbo.

"Amekula?"

"Amekula, Nanay."

"Amekonda?"

"Hajakonda. Ni upepo tu unamvuta mashavu."

Hapo ndipo Merlinda alipomwambia lililobaki, kwa sauti ya chini, na sisi tulisogea ili tusikie. Nanay alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ile kona ilikuwa imeshang'aa. Merlinda hakujua. Alisahau kuuliza.

Wakala aliitwa. Alikuja na viatu vyeusi na miwani ya jua. Tulimpa kiti cha kivulini na sahani ya tambi, maana mgeni ni mgeni. Wilfredo akampa darubini yake. Wakala alitazama juu kwa muda, na Rodel, aliyekuwa anapita, akampungia ile soksi.

"Ndiye," wakala akasema. "Sura ninaikumbuka. Basi kampuni haikusema uongo. Hayupo kazini."

"Anaanguka, bwana!" Pacita akasema. "Huoni? Aliangushwa bila kamba!"

Wakala akairudisha darubini machoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki.

"Mshipi anao," akasema. "Nauona kutoka hapa."

Akamaliza tambi, akaongezewa. Akasema Rodel akishuka aripoti ofisini, kuna maswali ya kujibu kuhusu kutoroka. Alipoaga, Nanay alimfungia biko ya kupeleka kwa watoto wake, kwa sababu mgeni hatoki kwetu mikono mitupu. Aliifunga kwa jani tu. Gundi hakuizungushia.

Merlinda sasa huruka kila Jumapili, peke yake, bila kushikwa. Bado hutapika nyuma ya nyumba, na nguruwe wameshazoea. Ndani ya ndege hofu yake hukaa sakafuni karibu naye, magoti kidevuni, ikimkagulia mikanda, na mara moja iligundua pini iliyokaa upande, jambo lililompita hata Wilfredo. Mlangoni hupiga hodi, na huko nje huitikiwa. Wageni huwaona wawili hao wanacheka mpaka pale anapoambiwa avute. Kuhusu kona, Rodel alijibu kwamba ilikuwa imebaki alama moja ya kidole, na ndiyo aliyokuwa anaifikia.

Siku hizi Nanay haoni tena mpaka mbinguni. Jioni hutandika mkeka wa Rodel uani, mbali na mnazi ili nazi isimwangukie atakapokuwa amelala, na huweka mto. Asubuhi huupapasa kwa kiganja, kutoka mwanzo hadi mwisho. Huwa una umande na hauna mkunjo. Huukunja, akauegemeza ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mtu aliyelemewa na usingizi anaweza kuufikia hata kwa kupapasa.