Aliyebaki Nje

Katika mji wetu, mkuu wa zimamoto hateuliwi na serikali. Wazimamoto wote ni watu wa kujitolea: mkulima, fundi wa magari, dereva wa basi la shule. King'ora kikilia, kila mmoja anaacha kazi yake na kukimbia. Kila Januari wanakutana katika chumba cha chini cha kanisa na kupiga kura. Kura zikilingana, mjane wa mkuu aliyetangulia ndiye anayeamua, ili watu wasigombane leo na kesho wakashike mpira mmoja wa maji. Desturi hiyo ni ya zamani. Haikuwahi kutumika mpaka iliponiangukia mimi.

Mume wangu, Selmer Tollefsrud, alikuwa mkuu miaka ishirini na sita. Moto ukitokea, yeye alisimama nje kando ya gari, mbele ya ubao mweusi wenye misumari. Kila anayeingia motoni hutundika hapo kibati chenye jina lake, na Selmer aliandika kwa chaki saa aliyoingia. Hewa ya mtungi wanaovaa mgongoni haizidi dakika ishirini. Zikifika kumi na tano alimwita mtu kwa jina lake, atoke, hata kama amebakiza hatua moja auzime moto wenyewe. Wenzake walimtania, wakamwita bawabu.

"Selmer, koti lako hilo tutakuzika nalo likiwa jipya," Duane Haugrud alimwambia, na kweli tulimzika nalo jipya. Nitasema ukweli, kwa kuwa Mungu anaujua: mimi pia niliona aibu kidogo juu ya koti lile.

Duane ndiye aliyesimama kugombea, yeye na Lorna Bakke, yule dereva wa basi la shule. Duane alibeba jeneza la mume wangu. Majira yale yote ya baridi alikuja kila asubuhi na beleshi lake kuondoa theluji mlangoni kwangu, bila kuombwa. Lorna alileta kadi, akaketi dakika tano, akaenda zake.

Jumapili ya kura, baada ya ibada, nilikuwa nikimimina kahawa. Duane alionja yake, akaniangalia.

"Bi Ardis, kahawa hii tungeumwagia moto, ungezimika kwa woga."

"Basi kunywa, nawe upungue maneno," nikamwambia. Watu wakacheka.

Lorna alipoitwa aseme, hakuchukua muda. "Mkinichagua nitasimama kwenye ubao. Siingii ndani."

"Hata ikiungua nyumba ya mama yako?" Duane akamuuliza.

"Hata hiyo. Wewe utaingia, Duane. Mimi nitakuhesabu."

Chumba kilipoa. Kura zikahesabiwa: tisa kwa tisa. Wakageuka wote kunitazama, na mwanangu Verlyn akiwa kati yao, maana naye alikuwa zimamoto kama baba yake. Niliomba moyoni, lakini naona sasa kwamba sikungoja jibu. Nilikuwa nikifikiria beleshi lile. Nilifikiria pia kwamba safari hii mji upate mkuu ambaye watu watamsifu.

"Duane," nikasema.

Verlyn alinisindikiza nyumbani. "Mimi nilimpigia kura Lorna," aliniambia taratibu. "Lakini si neno, Mama. Duane ana moyo."

Moyo anao, sijawahi kulikana hilo.

Mwezi Machi, saa nne asubuhi, liliwaka ghala la mbao la mzee Palmer Rudd. Nilifika na birika langu la kahawa kama kawaida ya sisi wanawake wa kanisa. Vibati vitatu vilikuwa vimening'inia ubaoni, cha Verlyn kikiwa cha kati. Duane alikuwa amesimama hapo na chaki mkononi. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba Palmer yumo ndani.

Duane hakuuliza nani kamwona. Aliitupa chaki kwenye theluji, akavaa mtungi, akaingia. Wanaume waliokuwa nje wakampigia makofi.

Nikausogelea ubao. Kando ya majina hapakuwa na saa yoyote.

Lorna alikuwa kwenye pampu ya maji, haiachi, maana akiiacha walio ndani wanakosa maji. "Bi Ardis," akaniita, "Verlyn kaingia saa ngapi?"

"Haijaandikwa."

"Kuna anayejua? Nyie hapo! Verlyn kaingia saa ngapi?"

Mmoja alisema sasa hivi tu. Mwingine alisema zamani. Nikamwita mwanangu kwa sauti yangu yote, lakini sauti yangu si ile ya baba yake, na moto ulikuwa ukinguruma.

Palmer Rudd alitokea mkahawani na leso ya chakula bado shingoni, akauliza kuna nini. Wawili walioingia na Verlyn walitoka. Duane akatoka, mikono imeungua, akilia kwamba hakumwona mzee. Verlyn walimkuta hatua nne kutoka mlango wa nyuma. Moto haukuwa umemgusa. Hewa ndiyo iliyomwishia.

Gazeti liliweka picha ya Duane na bandeji zake. Mchungaji aliniambia Mungu amenisamehe, nami naamini. Sijui tu niupeleke wapi msamaha huo ndani ya nyumba yenye viti vitatu.

Januari hii walikutana tena. Nilisimama, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikawaambia wamchague Lorna. Kwamba mkuu ni yule awezaye kubaki nje huku moyo wake unaungua, na kwamba mimi nilidhani huko ni ubaridi wa moyo. Walinisikiliza kwa upole mkubwa. Dada mmoja alinishika mkono.

"Keti, Bi Ardis. Ni uchungu. Tunakuelewa."

Duane alipata kura kumi na nne, Lorna tatu. Hazikulingana, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi hii theluji imeanguka tena. Nasikia beleshi likikwaruza mlangoni kwangu, polepole, maana vidole vyake havikupona vizuri. Nimemchemshia kahawa.