Blanketi Jekundu la Bibi Marta

Ukimkuta mwanamke anaongea na kuku jua likizama, usimcheke. Huenda nyumbani kwake hakuna mwingine anayesikia. Zlatka alikuwa amesimama kando ya kitalu chake cha nyanya, ndoo ya maziwa mkononi, akiwaambia kuku kwamba safari hii ataua mtu.

Kitalu kilikuwa wazi. Chini ya nailoni iliyochanikachanika, juu ya samadi ya farasi iliyokuwa ingali ikifuka mvuke, miche ilikuwa imesimama na vijani vyake viwili viwili, haina habari. Lile blanketi nene la sufu la kuikinga na baridi ya usiku lilikuwa limetandazwa juu ya uzio wa barabarani, jekundu, likionekana hadi kanisani.

Mbegu zile zilikuwa za mama yake. Mama alikwisha kufa, shamba lake likauzwa, na zile mbegu chache zilizobaki kwenye chupa panya walizitafuna wakati wa theluji. Kilichokuwemo kitaluni ndicho chote. Miche hiyo ikifa, nyanya zile kubwa za rangi ya waridi, zilizokuwa zikipasuka zenyewe kwa utamu, Zlatka hatazionja tena maishani mwake. Akaingia jikoni hata viatu hakuvua.

"Mama! Nani ametoa blanketi kitaluni?"

"Mimi," alijibu mama mkwe wake, Bibi Rusana, bila kuacha kumenya viazi. Alikuwa amejifunga mkononi uzi mwekundu na mweupe, kama kila mtu kijijini siku hiyo. "Leo Machi mosi. Bibi Marta, yule bibi wa mwezi wa Machi, akipita asione kitu chekundu, atanuna. Na akinuna yule, ni barafu mpaka Pasaka. Hata watoto wanajua."

"Akipita ataikuta miche yangu uchi!"

"Kitu chekundu cha kutundika humu ndani ni hilo blanketi tu. Ulitaka nifanyeje, nijitundike mwenyewe?"

"Lingekuwa wazo zuri."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu."

"Langu lilivunjika siku niliyoolewa humu, mama."

Zlatka akageuka aende kulichukua. Bibi Rusana akaweka kisu chini. "Liguse kabla hakujapambazuka, uone. Mwaka huu kikiharibika chochote, kondoo, zabibu, mgongo wa mwanangu Gancho, mzigo ni wako."

Hayo hayakuwa maneno matupu. Kuna mwaka Zlatka alifua nguo siku ya mtakatifu, ambayo kufua ni mwiko, na mvua ya mawe iliyopiga mizabibu kiangazi hicho ilikuwa bado inazungumzwa mezani kana kwamba ameirusha yeye kwa mikono yake. Mama mkwe huyu alikuwa haambiliki wala hasemezeki.

"Jamani, jamani," alisema Gancho, mumewe, miguu kaielekeza kwenye moto, glasi ya rakia, ile pombe kali ya matunda, kaishika kwa upendo. "Mke wangu, kalale. Jana umekesha na kondoo anayezaa, macho yako yamekuwa mekundu kuliko hilo blanketi. Magunia yamejaa ghalani. Nitafunika mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Namalizia hii tu."

"Gancho, niangalie. Utafunika?"

"Ahadi ni deni, bibie."

Zlatka alikuwa anaijua hiyo "sasa hivi". Banda la kuku lilikuwa linajengwa sasa hivi tangu kabla ya harusi ya dada yake, na kuku walikuwa bado wanataga chini ya tela. Lakini usingizi hauna mwerevu. Alilala na soksi zake.

Alishtuka kunapambazuka. Kioo cha dirisha kilikuwa cheupe kote. Gancho alikuwa kando yake na suruali yake, amelala usingizi wa pono, na ufunguo wa ghala alikuwa ameulalia, ncha tu imechomoza mfukoni.

"Gancho! Ulifunika?"

"Mm," alisema Gancho. "Nafunika."

Zlatka hakumpiga. Hakuwa na muda. Alivaa buti za mumewe na kutoka mbio, huku akimlaani mume, mama mkwe, Bibi Marta na mtu aliyebuni rangi nyekundu. Ua mzima ulikuwa umefunikwa na jalidi. Maji ya kondoo yalikuwa yameganda kama jiwe, na blanketi pale juu ya uzio lilikuwa limekakamaa.

Kando ya kitalu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi Bibi Rusana, kajikunyata ndani ya koti, pua imemwiva.

Juu ya miche zilikuwa zimetandazwa nguo. Gauni jeusi la sufu, blauzi yenye tarizi, aproni, shali, hata soksi nyeupe za kufuma, kila moja imewekewa tofali isipeperuke. Zlatka alizijua. Zilikuwa nguo za maziko za Bibi Rusana, alizozishona mwenyewe na kuzihifadhi sandukuni ili siku yake ikifika asiaibike mbele ya kijiji. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, hata kuzianika.

Zlatka alipiga magoti, akainua mkono wa gauni. Miche ilikuwa hai. Ukingoni, ambako nguo hazikufika, mstari mmoja ulikuwa umenyauka na kuwa mweusi. Mingine yote ilikuwa wima. Gauni lilikuwa limelowa chapachapa kwa mvuke wa samadi, lina madoa ya manjano kifuani.

"Mama," alisema, na hasira zote zikarudi kwa pamoja. "Blanketi si lile pale! Si lile pale jamani!"

"Lile nimeshampa Marta. Mtu hapewi kitu akanyang'anywa."

"Na magunia?"

"Ufunguo anao mumeo, na mumeo ni gogo. Nimemtia makofi, akaniambia asante."

"Ungekufa hapa kwa baridi!"

"Nguo si zilikuwa karibu." Bibi Rusana alikohoa, akaitazama miche. "Mama yako sikumpenda. Alikuwa na mdomo. Lakini nyanya zake nilikuwa nazila nimejificha, nisimpe raha ya kuniona."

Zlatka aliliinua gauni, likachuruzika maji ya kahawia. "Zimeharibika, mama. Zote."

"Naona, mimi si kipofu. Sasa siwezi kufa mpaka zifuliwe." Mzee alijiinua, kashika kiuno. "Na wewe sufu hujui kufua."

"Basi usife!" alifoka Zlatka, akashangaa kusikia kwamba analia.